Muziki wa Vyuma wa Abuya Guyo

Juzi fundi alikuja kunirekebishia geti ambalo lori la maji lililigonga likapinda. Alipowasha mashine yake na ile harufu ikapanda, harufu ya chuma kinachoyeyuka, kali, inayokaa kwenye ulimi kama umelamba msumari, niliacha vyombo ndani ya karai nikaenda kusimama dirishani. Alichomelea vizuri. Akagonga kwa nyundo, akalainisha kwa grainda, cheche zikaruka hadi kwenye mche wangu wa mwarobaini. Kila kitu kilikuwa mahali pake, lakini mimi nilikuwa nangoja kitu, na ilinichukua muda kutambua ni nini. Nilikuwa nangoja gitaa lianze.

Wengi wa rika langu hapa Isiolo wakisikia neno metal wanafikiria mabati na milango. Mimi nafikiria muziki. Ule wa gitaa za umeme zilizokazwa hadi zinanguruma, dramu zinazokimbia kama mbuzi waliosikia harufu ya maji, na mtu mbele anayeimba kana kwamba amebanwa na mlango. Nina duka la dawa karibu na stendi, nina watoto, navaa hijabu, na chini ya hijabu mara nyingi kuna visikizi. Wateja hudhani nasikiliza mawaidha, na siku nyingine ni mawaidha kweli. Siku nyingine ni doom, metal ya polepole kuliko zote, na huwa sina sababu ya kumweleza mtu aliyekuja kununua dawa ya minyoo.

Muziki huo niliupata kwa Abuya Guyo. Abuya ndivyo sisi Waborana tunavyomwita mjomba, na huyu alikuwa ndugu mdogo wa mama, kitinda mimba wa Akko, nyanya yangu. Alikuwa ameenda Nairobi kujifunza kuchomelea vyuma, akakaa huko miaka kadhaa, akarudi na mashine, kofia ya chuma ya kukinga uso, na flashi iliyojaa nyimbo alizopewa na mwenzake wa kazini. Akafungua karakana pembeni mwa Bulla Pesa, kando ya barabara, akawa anatengeneza mabodi ya malori ya kubeba mifugo. Mama alikuwa anafunga duka lake la nguo jioni, Akko alikuwa kwenye kibanda chake cha kuuza maziwa, baba alikuwa safarini Moyale na lori, kwa hiyo nikitoka madrasa niliambiwa niende nikae kwa Abuya.

Nilikuwa na tairi langu kuukuu karibu na ukuta. Amri ilikuwa moja tu: nigeuze uso ukutani anapochomelea.

"Usiangalie moto, Tume," alikuwa akisema. "Moto utakula macho. Wewe sikia tu."

Basi nikawa mtoto wa kusikia. Ukuta ule wa mabati yaliyopigwa rangi ya buluu ndio niliouangalia, na nyuma yangu dunia yote ilikuwa sauti. Nilijua mashine ikigusa chuma inachekaje. Nilijua nyundo ndogo na nyundo kubwa. Na juu ya yote kulikuwa na spika yake iliyofungwa kwa waya kwenye nguzo, imewekwa juu kabisa ili ishindane na jenereta. Kwa sababu sikuviona, vyote vilichanganyika. Sikujua mwisho wa kazi na mwanzo wa wimbo uko wapi.

Ndiyo maana niliamini kwamba waimbaji wale walikuwa mafundi. Abuya aliniambia muziki unaitwa metal, mwalimu alitufundisha kwamba metal ni chuma, na mimi nikajumlisha. Nilijua kabisa kwamba mahali fulani mbali, penye baridi, kuna karakana kubwa ambako wanaume wenye nywele ndefu wanachomelea malori huku wakiimba, na kwamba kila aina ya wimbo ina aina yake ya chuma. Mmoja alipopiga ukelele mrefu nilishtuka nikageuka.

"Abuya, huyu ameungua?"

"Hajaungua. Anaimba."

"Mbona anaimba kama ameungua?"

Abuya alifikiria, kofia ikiwa imeinuliwa kichwani, jasho likimtiririka shingoni. "Labda aliungua zamani," akasema, akaishusha kofia akaendelea.

Jibu hilo lilinitosha miaka mingi. Hata sasa, mtu akiniuliza kwa nini watu wazima wenye akili zao wanapenda kelele kama ile, sina jibu lililo bora zaidi.

Thrash kwangu ilikuwa grainda. Kasi, cheche, hakuna wakati wa kupumua, na inaisha ghafla kama mtu amezima swichi. Niliipenda kuliko zote kwa sababu mtoto hupenda kinachokimbia. Bado naiheshimu, ni muziki usio na kiburi, una haraka tu. Lakini nikiisikiliza zaidi ya nusu saa najikuta nimekunja meno, na mteja akiuliza bei namjibu kama tunagombana. Power metal, ile ya sauti za juu na kinanda na wapanda farasi, Abuya aliiweka siku za kupaka rangi, bodi likiwa limekamilika, nyekundu na kijani, na mwenye lori amekuja kulizunguka akilipapasa kama ngamia mpya. Ilikuwa siku ya harusi. Leo naona ni chai iliyotiwa sukari na watu wawili, kila mmoja akidhani mwenzake hajatia. Nikifua nguo naiweka, kwa sababu kufua kunahitaji mtu wa kukudanganya kwamba unashinda vita.

Kuna ile black metal, ambayo nilidhani spika imeharibika. Inakwaruza. Ni kama watu wanapiga muziki ndani ya tangi la maji tupu, upepo ukipita juu. Nilikuwa nimeenda Korbesa wakati wa kiangazi kwa jamaa za Akko, nikaona vumbi likija kutoka mbali kama ukuta, nikasikia linavyonong'ona kabla halijafika, ndivyo ilivyo. Sikuipenda, na hadi leo naikaribia kwa tahadhari, kwa sababu baadhi ya maneno yake siyataki ndani ya nyumba ninamoswalia. Lakini siku nyingine, bila maneno, ile baridi yake kwenye mji wa joto kama huu inapumzisha. Wale wengine wa nywele zilizopulizwa na suruali za kubana Abuya hakuwapa nafasi kabisa. "Hawa wametengeneza nywele, wakasahau wimbo," alisema, na hapo tu ndipo ninapotofautiana naye, maana nina udhaifu kidogo kwa nyimbo zao za mapenzi.

Doom sikuielewa. Abuya aliiweka wakati wa kuinua vyuma vizito, yeye na msaidizi wake wakivuta mnyororo polepole, na gitaa nalo linavuta polepole, na mimi nilikuwa nauliza kama betri inaisha. Sasa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nadhani lazima kwanza uwe umebeba kitu.

Halafu kuna ile moja niliyoipenda kwa tumbo kabla ya masikio. Sauti ya mwimbaji ilikuwa chini sana, chini ya jenereta, haina maneno, mngurumo tu unaotetemesha mabati niliyoegemea hadi mgongo unawasha. Abuya aliiweza sauti hiyo. Nilipokuwa nikiingia langoni na mfuko wangu wa madrasa aliniita kwa mngurumo, "Tuuume," kama lori linapanda mlima, na mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Siku moja nikamuuliza inaitwaje.

"Hii ni death metal," akasema, akitafuta kijiti cha kuchomelea, wala hakuniangalia.

Kiingereza nilikuwa nimeanza kukijua, na neno hilo nilikuwa nalo.

"Death si kifo?"

"Ni jina tu, Tume."

"Kwa nini waliipatia jina mbaya hivyo?"

"Watu wa mbali wana mambo yao," akasema, akashusha kofia.

Kwake mazungumzo yalikuwa yameisha. Kwangu ndiyo yalikuwa yameanza. Nilirudi kwenye tairi langu nikakaa bila kuegemea ukuta tena. Mtoto hajui kwamba jina linaweza kuwa mapambo. Nilijua chupa ya dawa ya kupe imeandikwa sumu kwa sababu ni sumu. Kama kitu kimeitwa kifo na wenyewe waliokitengeneza, basi wanajua kilicho ndani.

Kiangazi hicho kilikuwa kirefu, vumbi la barabarani liliingia hata kwenye sukari. Sauti ya Abuya ilianza kukwama. Ilikatika katikati ya neno, ikarudi, ikakatika tena, kama redio ya betri zilizochoka. Tulidhani ni vumbi. Akko alimpa maziwa ya ngamia yaliyopashwa moto, asali, habasoda, akamfunga shuka shingoni kwenye joto lile. Haikusaidia. Mngurumo wa kuniita langoni ukaisha, kisha kuita msaidizi wake kukaisha, mwishowe akabaki na mnong'ono tu, na hata huo aliutoa kwa kukunja uso.

Jirani yetu Mama Zeituni alikuja kumwona. Alikuwa mama mwenye moyo mzuri na kauli isiyokuwa na breki. Alikaa kwenye mkeka, akapokea chai, akamwambia Akko nikiwa nimekaa hapo hapo:

"Mimi nitasema ukweli. Ni ile muziki yake. Mtu akishinda na kelele ya shetani siku nzima, koo itakosaje kuharibika?"

Akko akachukua birika. Akamwongezea chai. Lakini mimi nilisogea karibu na Akko. Kumbe kuna mtu mzima aliyejua ninachokijua.

Kliniki ya hapa ilimpeleka Meru. Daktari wa Meru alimwingiza bomba lenye taa kooni, akaona uvimbe, akasema lazima ukatwe na upimwe, na kazi hiyo ni ya Nairobi. Mambo haya hakuna aliyeniambia. Niliyaokota. Wakubwa wa nyumbani walikuwa wakitaka kuficha kitu wanahama lugha. Wakiona watoto tunasikia Kiborana wanahamia Kiswahili, wakiona tunasikia Kiswahili wanahamia Kiingereza. Mama alihamia Kiingereza jioni hiyo, akizungumza na baba kwa simu, na katikati ya maneno nisiyoyajua likapita moja ambalo halina lugha. Kensa. Mama Zeituni alimzika dada yake kwa neno hilo.

Siku moja kabla ya safari Abuya alienda karakana kumalizia mlango wa mtu, na mimi nikaenda kama kawaida. Alikuwa na spika yake inaimba, chini chini. Alikuwa anasaga kona za mlango na kutikisa kichwa kidogo, na nilipotambua ni wimbo wa aina gani nikainuka kwenye tairi, nikaenda hadi kwenye nguzo, nikasimama chini ya spika.

"Abuya, zima."

Alizima grainda, akainua kofia, akageuza kiganja juu: kwa nini?

"Hiyo ndiyo inakuua."

Alikuwa amekatazwa kulazimisha sauti. Akachukua chaki yake ya kupimia, akaandika kwenye bati la mlango: NANI KASEMA?

"Wewe. Ulisema inaitwa kifo."

Akanigeukia. Nilikuwa nimezoea kuuangalia mgongo wake au kofia yake. Uso wake kwa karibu hivyo, mchana, sikuwa nauona mara nyingi. Alikuwa amekonda. Akaandika JINA TU, akakiangalia alichokiandika, akakifuta kwa mkono. Akachuchumaa hadi tukawa sawa kimo, akaandika chini kabisa ya bati, kwa herufi ndogo, mahali ambapo mimi ningeona vizuri: HATA MIMI NAOGOPA.

Nilisoma polepole kwa kidole. Sikuwa nimewahi kujua kwamba watu wazima wanaogopa. Nilidhani hofu ni kitu unachokipita, kama meno ya utoto. Nililia, na yeye akaniacha nilie, mkono wake wenye harufu ya chuma ukiwa kichwani kwangu. Kisha akaenda akachomoa flashi kwenye spika. Najua sasa kwamba hakuichomoa kwa kuniamini. Aliichomoa kwa sababu nilimwomba.

Asubuhi wakapanda basi, yeye na mama. Nikabaki na Akko.

Siku zile zilikuwa na ukimya ambao sijawahi kuuona tena. Karakana ilifungwa kwa mnyororo. Nikitoka madrasa nilienda kwa Akko kwenye kibanda cha maziwa, ambako wanawake walikaa na mitungi yao ya manjano wakingoja gari la Kulamawe lilete maziwa ya ngamia, na mitungi ikifunguliwa ule moshi wa kuifukizia unapanda puani. Walikuwa wanawake wenye makelele, lakini siku hizo walizungumza na Akko kwa sauti ya hospitalini. Mama alipiga simu kusema amepasuliwa salama. Akapiga tena kusema wanangoja majibu. Baada ya kila swala nilisoma sura zote nilizozijua, ambazo hazikuwa nyingi, kwa hiyo nilizirudia. Nilikuwa na swali moja ambalo sikuwa na mtu wa kumwuliza: kama kitu kimeshaingia, kuzima spika kunasaidia?

Simu ilikuja wakati gari la maziwa limefika na kila mtu amesimama. Akko aliiweka sikioni, akasikiliza, na uso wake ukabadilika kwa sababu upande wa pili mama alikuwa analia. Simu yake ilikuwa ya sauti kubwa, sote tulimsikia akilia. Wanawake waliacha mitungi.

"Halima," Akko akasema. "Sema. Sema tu, mama yangu. Nimekaa." Hakuwa amekaa.

"Si yenyewe," mama akasema.

"Si yenyewe nini?"

"Si ile mbaya. Wameangalia. Ni uvimbe tu ya kawaida, na wametoa yote. Imeisha, mama. Imeisha."

Akko akakaa sasa, juu ya kreti, akasema alhamdulillahi, akasema tena, akaendelea kusema hadi neno likawa kama pumzi. Wanawake wakaitikia. Mmoja akamshika bega, mwingine akaanza kulia kilio chake, sijui alikuwa akimlilia nani. Mimi nilichukua simu mkononi mwa Akko.

"Mama, daktari amesema ni muziki?"

"Muziki gani?" Alikuwa analia na kucheka. "Tume, muziki gani? Amesema ni kupigia watu kelele juu ya jenereta kila siku. Na moshi. Ati anakaa kwenye moshi kama nyama ya kukausha."

"Basi si muziki?"

"Si muziki, mama."

Nikarudisha simu. Na hapo ikanijia njaa. Njaa kubwa, kwa sababu nadhani kwa siku nyingi nilikuwa nakula bila kula. Akko alinitazama, akafungua mtungi, akanimiminia kikombe, nikanywa chote bila kupumua, akanimiminia kingine. Kisha akainuka akawageukia wateja waliokuwa wamesimama na vyombo vyao kwa adabu, wasijue waondoke au wabaki.

"Nani alikuwa mbele?" akauliza kwa ukali wake wa kawaida. "Leteni vyombo. Mnataka maziwa iharibike?" Akawa anajaza hadi yanamwagika.

Abuya alirudi na kovu lisiloonekana na amri ya daktari: asiseme neno lolote, hata kwa kunong'ona, hadi atakaporuhusiwa. Akawa anakaa uani kwenye kivuli, chaki mfukoni na kipande cha bati kwenye goti. Tulikuwa na furaha, lakini furaha ile ilikuwa imekaa kimya, na kwa mtu kama yeye kimya kilikuwa kizito. Hakugusa spika. Nadhani alikuwa ananifikiria mimi. Alikuwa anachora mabodi ya malori kwenye bati, anafuta, anachora tena.

Aliyechoka kwanza ni Akko.

"Tume," akasema siku moja mchana. "Leta ile redio yake ya kelele. Tumeponya koo, sasa tutazika mtu kwa ukimya."

Nikaileta. Abuya alinitazama kwanza, na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Akachomeka flashi. Akko akavuta kigoda karibu. Kwa miaka yote ile hakuwahi kukaa akasikiliza. Alikuwa akipita tu karakana na kuziba sikio moja. Sasa alisikiliza kama anayeonja maziwa.

Abuya akaweka thrash.

"Hawa wanafukuzwa na nani?" Akko akauliza. "Toa."

Akaweka ile ya sauti za juu.

"Huyu anaposa," Akko akasema. Akasikiliza kidogo zaidi. "Na hatapewa. Toa."

Akaweka ile inayokwaruza, naye akapunga mkono kabla hata mwimbaji hajaanza. "Upepo ninao wa kutosha."

Abuya alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakitikisika, na mama alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia. Kisha akaweka ile ya mngurumo. Mimi nilishika kigoda cha Akko. Sauti ile ya chini ikaja, na ngoma chini yake, na Akko akainua kidole ili tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa anazungumza. Akainamisha kichwa. Alisikiliza wimbo mzima hadi mwisho.

"Rudisha," akasema.

Abuya akarudisha.

"Hawa wanateka maji," Akko akasema.

Tukamwangalia. Akatueleza kwamba alipokuwa msichana, maji yakishuka sana, visima vilichimbwa virefu hadi wanaume wakasimama ndani mmoja juu ya bega la mwenzake, ndoo ikipanda kutoka mkono hadi mkono, na walikuwa wakiimba ili mikono isipotezane. Wewe uliye juu na ng'ombe zako huoni mtu. Unasikia tu sauti kutoka ardhini, nzito, haina maneno, na kwa sauti hiyo unajua maji yanakuja. Akaanza kuitikia wimbo wa spika kwa sauti yake ya kikongwe, hm, hm, akipiga goti, na alikuwa anaingia pale pale ngoma ilipoangukia.

"Hii inaitwa nani?" akauliza.

Abuya aliinua chaki, akaishusha. Akaningoja mimi.

"Inaitwa death," nikasema.

"Death ni nini?"

"Ni jina tu, Akko."

Akakubali, kwa sababu watu wa mbali wana majina yao, akasema irudishwe mara nyingine. Na mimi, bila kupanga, nilikuwa nimeegemea ukuta. Nimesikiliza death metal ya kila namna tangu siku ile, ile safi ya siku hizi iliyopanguswa kama sahani na ile chafu ya zamani, na msimamo wangu ni kwamba ile chafu ndiyo yenyewe. Sauti ikioshwa sana huwezi kujua kama inatoka ardhini. Abuya hakubaliani nami. Yuko hai, ana mvi na watoto na mashine ya kufyonza moshi aliyoijenga mwenyewe, na tunabishana kwa simu hadi mke wake anamnyang'anya. Kila mara tukimaliza kubishana nakaa kidogo na simu mkononi, nimeshukuru tu kwamba nina wa kubishana naye.

Siku daktari alipomruhusu kusema, alikuwa ameenda Meru peke yake. Sisi tulijua atarudi mchana, tukakaa uani tukijifanya tuna kazi. Mama alikuwa anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Mama Zeituni alikuja na sahani ya mahamri, akasema alikuwa anapita tu, akakaa. Akko alikuwa kwenye kigoda chake, tasbihi mkononi. Hakuna aliyeuliza sauti itarudi ikoje. Daktari alikuwa amesema inaweza kurudi, na inaweza kurudi tofauti.

Tulisikia geti. Akaingia, shati la safari limejaa vumbi, akasimama pale ambapo jua linaishia na kivuli kinaanza. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Salaam aleikum," akasema.

Sauti ilikuwa nyembamba na kavu, kama ya kijana anayebalehe, na ilitetemeka mwishoni, lakini ilikuwa yake. Ningeitambua popote. Mama aliacha ungo ukapinduka. Mama Zeituni alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Hakuna aliyesema neno, na Abuya akabaki amesimama pale, akiangalia huku na huku, hadi wasiwasi ukamwingia usoni.

"Kwani hapa hakuna mtu wa kuitikia salamu?" akauliza.

"Wa aleikum salaam," Akko akasema, machozi yakimtiririka wala hayafuti. "Karibu nyumbani, Guyo. Kaa chini, na usipige kelele."